Mama Tabby Atafuta Mwenza

Ukitaka kumjua Nyaruai, usianze na uso wake. Anza na mikono. Mikono ile ilikuwa na ufundi uliojulikana kuanzia soko la Kitale hadi Chwele: ufundi wa kulivisha gunia la viazi kofia. Gunia likijaa hadi mdomoni, pale ambapo mtu mwenye haya angelishona na kwenda zake, ndipo Nyaruai alipoanza kazi. Alishikiza kipande cha neti kwa sindano ndefu na kamba ya katani, akapanga viazi juu yake kwa mzunguko, kimoja baada ya kingine, hadi gunia likaota shingo na kichwa. Watu huita lumbesa. Mnunuzi, kama yeye Nyaruai, analipia gunia moja, na ile kofia ni zawadi ambayo mkulima hakuombwa kutoa. Kofia za wengine zilipasuka njiani zikamwaga viazi barabarani, lakini za Nyaruai zilifika Kitale zimesimama wima. Alijivunia jambo hilo, na mimi sitamfichia.

Alizaliwa Nyeri, ila Nyeri yenyewe hakuikumbuka. Aliletwa Kitale akiwa na miaka minne, juu ya lori, katikati ya sufuria na kuku waliofungwa miguu, baba yake alipopata kishamba katika mashamba ya walowezi yaliyogawiwa watu. Kitale ndiko alikosoma, ndiko alikoolewa na Wahome fundi wa matrekta, ndiko alikomzaa Tabby, ndiko alikowazika baba na mama. Miaka arobaini na kitu. Halafu ikaja Januari ya mwaka elfu mbili na nane, baada ya uchaguzi ule, na jirani mmoja akasimama ng'ambo ya ua akamwambia, tena bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kuanua nguo: "Mama, rudi kwenu."

Alikaa miezi kadhaa ndani ya hema pale uwanja wa maonyesho ya kilimo, akilitafakari neno hilo. Kwenu wapi? Nyeri hakuwa anajuana na hata mbuzi mmoja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema, lakini hawakusema kuku huyo hukoma lini kuwa mgeni.

Mwaka uliofuata alikuwa amerudi sokoni, akiishi na Wahome katika vyumba viwili vya kupanga mjini. Tabby, binti yao, alikuwa amepata kazi Nakuru, na kila Jumapili simu yake ililia na wimbo ulikuwa ule ule.

"Mum, si mtoke huko mkuje tukae huku? Mnangoja nini, uchaguzi ingine?"

Jumapili moja Nyaruai akachoka kujitetea. "Sikia, Tabby. Umoja wetu unachagua viongozi mwezi wa nane. Mimi nitasimama kiti cha mwenyekiti. Wakinipa, hapa ni kwetu, na hiyo maneno ya Nakuru iishe. Wakininyima, nitafunga mizigo nikuje."

Aliposema hivyo hakuwa amemwambia hata mumewe. Wahome, aliyekuwa akinyoosha mguu wake mbovu karibu na redio, aliinua kichwa polepole.

"Kumbe mimi ni mzigo," akasema. "Nilikuwa najiuliza nitafungwa na kamba gani."

Huo Umoja wenyewe ulikuwa Umoja wa Viazi na Vitunguu, na ulikuwa na pande tatu zilizopendana kama kuku na mwewe: wanunuzi wa Kitale, madalali na wapakiaji wa Chwele, na wakulima, wa juu mlimani Elgon na wa chini Kabuchai na Bokoli. Zamani mwenyekiti na makamu wake walichaguliwa kila mmoja kivyake. Fujo zilipokuja, mwenyekiti alikimbilia kwa watu wake, makamu akakimbilia kwa watu wake, na vitunguu vya kila mtu vikaozea kwenye maghala. Ndipo wakatunga sheria mpya: anayetaka kiti aje na mwenza kutoka upande mwingine, majina mawili kwenye karatasi moja, wasimame pamoja na waanguke pamoja. Wakati huo redioni wasomi walikuwa wakibishana kama hata wagombea urais wafanyiwe hivyo katika katiba mpya. Wahome alikuwa akiwasikiliza na kucheka. "Wakuje Chwele tuwafunze," alisema.

Nyaruai alichukua fomu kwa Mwalimu Kiptum, mstaafu aliyeaminiwa na pande zote kwa sababu hakuwa na shamba la viazi wala duka la vitunguu. Fomu ilikuwa na mistari miwili: Mwenyekiti, na chini yake Mwenza. Kando ya kila jina palikuwa na nafasi imeandikwa Anatoka wapi. Usiku huo aliandika jina lake vizuri kwa herufi kubwa. Alipofika kwenye Anatoka wapi, kalamu ikasimama. Akapaacha wazi, akahamia mstari wa pili, nao pia akauacha wazi.

"Natafuta mwenza," akamwambia Wahome.

"Na mimi je, nihame?"

"Wewe ulipita bila kupingwa. Nyamaza unisaidie kufikiri."

Walifikiri. Mtu wa kwanza kutajwa alikuwa Absalom wa Chwele. Hapo hapakuwa na haja ya kufikiri sana, maana Absalom alikuwa dalali mkubwa, na wapakiaji wote wa Chwele walisikiliza kikohozi chake. Zaidi ya hayo, Nyaruai alikuwa na deni la shukrani kwake. Januari ile mbaya alikuwa ameacha neti sitini za vitunguu Chwele. Vijana walipofika kuzichukua, wakisema ni mali ya mtu aliyetakiwa kurudi kwao, Absalom alifunga mlango wa ghala lake, akakaa kwenye stuli mbele yake na kusema, "Hii vitunguu ni yangu. Mwenye anataka, apitie kwa tumbo yangu." Barabara zilipofunguka alimpelekea zote sitini, hata zile zilizoanza kuota. Wema kama huo mtu hausahau, na akiusahau basi hana maana.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Nyaruai alikwenda Kabuchai nyumbani kwa Absalom. Alipokewa kwa shangwe. Kuku alichinjwa, ugali ukasongwa, na mboga za saga, yale majani machungu, zikaletwa zikiwa zimelala kwenye maziwa. Nanyama, mke wa Absalom, ndiye aliyepakua.

"Mama Tabby," Absalom alisema akinawa mikono, "hii kitu tumeshinda, bana. Wewe keti kwa kiti. Mimi nitakuwa nyuma yako tu, kama ukuta. Mambo ya magunia na ya wapakiaji, achia mimi. Hata stempu, ile muhuri ya Umoja, acha kwangu, si kazi yote iko Chwele?"

Kisha akafanya jambo lililosimamisha mwiko wa Nanyama hewani. Katika nyumba za Wabukusu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma. Mtoto akiila kwa bahati mbaya, huko jikoni kutakuwa na kesi. Absalom aliinyanyua firigisi ile kutoka kwenye sahani yake, akaiweka kwenye sahani ya Nyaruai. "Leo mwenye boma ni mwenyekiti," akasema.

Nyaruai aliguswa hadi macho yakamlowa. Yeye, aliyeambiwa arudi kwao, anapewa firigisi Kabuchai! Lakini kabla hajaigusa, Absalom alinyoosha tena mkono. "Ngoja nikukatie," akasema, akaichukua, akaikata, akamrudishia kipande. Kile kikubwa kikarudi kwake, akakitafuna huku akiendelea na habari za stempu, wala sidhani alijua amefanya nini. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe. Nyaruai alitafuna kipande chake taratibu. Kilikuwa kitamu, ila kilikwisha upesi.

Nanyama alimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa mkulima hasa, mwenye shamba lake la vitunguu na viazi nyuma ya boma, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama Tabby, nikuulize. Nyinyi wawili mkishinda, hiyo kofia ya gunia itapungua ama itaongezeka?"

"Hayo tutaona, mama," Nyaruai alijibu akicheka. Nanyama hakucheka. Alimpa mkono, akarudi shambani kwake.

Usiku ule Nyaruai hakuandika jina la Absalom kwenye fomu, ingawa kalamu ilikuwa mkononi. Kulikuwa na mtu wa pili aliyekuwa akimrudia kichwani, na mtu huyo hata hawakuwa wakisalimiana. Aliitwa Cherop, mama yake Kimeli, mkulima wa viazi kutoka juu mlimani, kupita Kopsiro. Mwezi mmoja nyuma, siku ya soko Chwele, Nyaruai alikuwa ametoa neti yake na sindano ili alivishe gunia la Cherop kofia kama kawaida. Cherop alipanda juu ya gunia, akaketi, akakunja miguu.

"Hii imejaa," alisema. "Kama unataka kofia, leta kichwa yako."

Soko lote liliangua kicheko, na Nyaruai akaiva uso kama pilipili. Lakini hata akiwa ndani ya ile aibu aliona kitu. Akina mama wa mlimani walikuwa wamesimama nyuma ya Cherop, zaidi ya thelathini, bila kuitwa. Mfanyabiashara wa viazi hujua uzito kwa macho.

"Absalom atakupa kura," Wahome alisema. "Huyo mama wa mlimani atakupa usingizi. Chagua unachokosa."

"Nakosa vyote viwili," Nyaruai akajibu, akaizima taa.

Alipanda mlima siku ya Jumatano kwa pikapu iliyokuwa ikienda kuchukua mizigo. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ua. Cherop alimkuta mgeni wake mlangoni, akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu, akamkaribisha kwa adabu yote, akampa chai ya maziwa. Nyaruai alieleza shida yake: anatafuta mwenza, wakulima ni wengi, wakisimama pamoja hakuna wa kuwashinda. Cherop alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama, akatoka nje, akarudi na jembe la meno na gumbuti, yale mabuti ya mpira.

"Mgeni huwa anapewa jembe siku ya tatu," alisema. "Lakini wewe miaka yote unakula viazi yangu, siku tatu zimepita zamani. Twende unisaidie kuchimba, halafu nitakujibu."

Nyaruai alikuwa amenunua viazi kwa miaka ishirini. Kuchimba alichimba mara ya mwisho akiwa msichana kwa baba yake. Udongo wa mlimani ulikuwa mweusi, mzito, umelowa. Ulishika jembe, ukashika gumbuti, ukaingia ndani ya kucha. Cherop alikuwa ametangulia mstari mzima kabla Nyaruai hajamaliza mashina matano. Walijaza ndoo, wakabeba hadi ukingoni mwa shamba, wakamimina ndani ya gunia, wakarudi. Ndoo ya nne mgongo ulimwambia Nyaruai kwamba sasa inatosha. Ndoo ya nane gunia lilijaa hadi mdomoni. Akaegemea ua, akihema, akijifuta jasho na mvua kwa pamoja.

"Imejaa," alisema.

"Bado," Cherop alisema. Akatoa mfukoni kipande cha neti, sindano ndefu na kamba ya katani, akamkabidhi. "Valisha yeye kofia. Si wewe ndiye fundi?"

Nyaruai alidhani ni mzaha. Cherop hakuwa akitania. Basi akashona neti, kisha akarudi shambani kutafuta viazi vya kuijaza. Ndoo ya kwanza. Ya pili alichimba amepiga magoti, kwa kuwa mgongo ulikuwa umekataa katakata. Ya tatu aliiburuta. Alipanga viazi kwa mzunguko, kimoja baada ya kingine, kama alivyozoea, na kwa mara ya kwanza akauchukia ufundi wake ule.

Cherop alikuwa ameketi juu ya jiwe akimtazama. Hakuwa na furaha usoni.

"Hiyo ndoo tatu nimetoa miaka ishirini," alisema. "Nikiwa na mimba ya Kimeli, nimetoa. Ule mwaka wa bunduki huku juu, tulishuka Chwele usiku na watoto. Nilikuwa na gunia moja tu, hiyo ndio ilikuwa nyumba yangu yote. Nikakuuzia wewe. Ukavalisha yeye kofia." Akaokota kiazi, akakifuta udongo. "Hukuniuliza nimetoka wapi. Uliniuliza neti iko wapi."

Nyaruai alijaribu kuikumbuka siku hiyo, na hakuikumbuka. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Kwake ilikuwa siku ya soko kama siku nyingine yoyote. Yule jirani wa ng'ambo ya ua labda naye alikuwa amekwisha kusahau. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Nisamehe, Mama Kimeli. Nisamehe sana."

"Pole sitaki. Nataka gunia ishonwe kwa mdomo." Cherop alisimama, akaanza kuifungua kofia kwa vidole vyake vyenye udongo. "Sasa niambie ukweli. Wewe ukiwa mwenyekiti, na watu wako wa Kitale wakulilie kwamba hawapati kitu, utashona mdomo ama utashona kofia?"

Nyaruai aliitazama kofia ikifunguka. Angeweza kudanganya, maana siasa ndogo na kubwa ndivyo zinavyofanywa, lakini mikono ilikuwa ikimuuma mno. Cherop alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alimpa bakuli la maziwa lala kutoka kwenye kibuyu, yenye ile harufu ya moshi, akahakikisha amekunywa yote, kisha wakalishona lile gunia kwenye mdomo wake na kulipandisha kwenye pikapu.

"Hiyo ni yako," alisema. "Uone vile gunia inakaa."

Gunia lilikaa kona ya jikoni kwa siku mbili. Nyaruai alikuwa akilitazama kila apitapo. Lilikuwa fupi, limetulia. Siku ya pili jioni alimwambia Wahome yaliyokuwa yakimsumbua.

"Mimi siwezi kukaa kwenye kiti hicho."

"Umeogopa?"

"Sijaogopa. Nimejijua. Ninataka sana watu wa hapa wanipende. Mtu wa kwanza kunililia nitampa. Absalom akitaka stempu nitampa, Muchiri na wanunuzi wenzake wa Kitale wakitaka kofia nitawapa, ili tu nisiambiwe tena nirudi kwetu. Mtu anayeomba mahali pa kukaa hawezi kumkatalia mtu." Alichukua fomu mpya aliyokuwa ameiomba kwa Mwalimu Kiptum. "Cherop haombi mtu chochote. Yeye akae kwenye kiti. Mimi niwe mwenza. Watu wa Kitale nitawaeleza mimi, maana nawajua, na ujanja wao ni mimi niliowafunza."

Wahome alikuna ndevu. "Na Tabby? Si ulimwambia kiti ndicho kitakachokubakisha?"

"Nilikosea kiti," Nyaruai alisema. Akaandika jina la Cherop juu, lake chini. Kwenye Anatoka wapi ya Cherop akaandika Mlimani. Yake akaiacha tena. Kesho yake akaipandisha mlimani, na Cherop akaisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi.

Kwa Absalom alikwenda mwenyewe. Habari kama hiyo haitumwi kwa simu. Alimkuta ghalani, kwenye stuli ile ile ya Januari. Alipomaliza kumwambia, Absalom aligeuza uso ukutani.

"Fadhila za punda ni mateke," alisema.

"Uliniwekea vitunguu na nitakushukuru hadi siku ya kuzikwa kwangu," Nyaruai alisema. "Nikisahau, Mungu anikumbushe. Lakini hii ni viazi ya watu wengine, Baba. Siwezi kukushukuru na viazi ya watu."

Kesho yake Absalom alikwenda kuchukua fomu yake mwenyewe, na mwenza wake akawa Muchiri wa Kitale.

Siku ya kura walikutana kwenye uwanja ulio kando ya soko la ng'ombe Chwele, asubuhi, jua likiwa limeamka vizuri. Umoja haukuwa na masanduku ya kura. Walipiga kwa mlolongo: wagombea wanasimama mbele, kila mtu anakwenda nyuma ya wale anaowataka, na Mwalimu Kiptum anapita akihesabu vichwa kwa kijiti. Hapo huwezi kumwambia huyu ndiyo na yule ndiyo, maana mgongo wako unaonekana.

Absalom na Muchiri walisimama upande wa ghala. Cherop na Nyaruai walisimama upande wa ua. Akina mama wa mlimani walikuja mara moja nyuma ya Cherop, wakiwa wamevaa sweta zao nzito kama watu waliokuja kukaa. Wapakiaji wakaenda kwa Absalom. Wanunuzi wa Kitale walisitasita. Nyaruai alikuwa amewazungukia wiki mbili, kibanda kwa kibanda, akiwaeleza kuwa mkulima asiyeibiwa hafichi viazi vizuri nyumbani. Wengine walimcheka. "Mama Tabby ameokoka," walisema. Sasa kumi na wawili walikuja kwake, wakitazama chini. Waliobaki, zaidi ya arobaini, walikwenda kwa Muchiri, na kila aliyepita alimchoma kama mwiba.

Aliitazama milolongo miwili, akaipima kwa macho kama anavyopima mizigo. Wa Absalom ulikuwa mrefu zaidi. Alianza kuifikiria Nakuru: chumba cha Tabby, dirisha linalotazama ukuta.

Ndipo Nanyama alipotoka. Alikuwa nyuma kabisa katika mlolongo wa mumewe, na alitoka bila haraka, akiwa ameshika kikapu chake kwa mkono mmoja. Alivuka ile nafasi katikati, hatua kama thelathini, akafika mbele ya Nyaruai.

"Nilikuuliza swali kwa barabara," alisema. "Hukunijibu."

"Itaisha, mama," Nyaruai alisema. "Tutashona mdomoni."

Nanyama alikwenda nyuma, akasimama. Kisha mwanamke mmoja wa Bokoli akatoka mlolongo wa ghala. Kisha wawili wa Kabuchai, halafu mzee mmoja mwenye mkongojo aliyesema kwa sauti kwamba hata yeye ana shamba, si kwamba anafuata wanawake. Absalom alimtazama mkewe. Mwalimu Kiptum alipita na kijiti chake mara mbili, kisha mara ya tatu, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa hesabu. Mia moja na nne kwa Cherop na Nyaruai. Tisini na saba kwa Absalom na Muchiri.

Vigelegele vilipanda. Cherop hakupiga kigelegele. Aliushika mkono wa Nyaruai, wenye malengelenge yaliyokuwa yakianza kupona, akaugeuza kiganja juu, akautazama, akacheka kwa mara ya kwanza.

Watu walisogea mezani ili matokeo yaandikwe kwenye kitabu cha Umoja. Mwalimu Kiptum alivaa miwani, akawa anasoma kwa sauti huku akinakili fomu. "Mwenyekiti, Cherop, mama Kimeli. Anatoka Mlimani. Mwenza, Nyaruai Wahome. Anatoka..." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Hapa pako wazi. Mama, unatoka wapi?"

Watu mia mbili walikuwa wakimtazama Nyaruai. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa ameliogopa swali hili, na sasa lilikuwa limemfuata hadi kwenye ushindi wake.

"Si ni wa Kitale, bana!" Absalom alifoka kutoka nyuma, mtu aliyeshindwa na asiyetaka kupotezewa wakati zaidi. "Ati unauliza! Hata mbwa ya soko inajua. Andika, Mwalimu, jua inachoma vitunguu!"

Mwalimu Kiptum aliandika Kitale. Wala hakuinua macho, na hakuna mtu aliyecheka wala kupinga. Wengine walikuwa tayari wakiondoka kwenda kupakia. Nyaruai alibaki amesimama pale mezani, akilisoma lile neno juu chini, wino ukiwa bado haujakauka. Kisha akamfuata Absalom hadi ghalani. Absalom alimsukumia ile stuli kwa mguu, naye akaketi.

Simu ya Tabby ilimkuta saa nane mchana, amepiga magoti mbele ya gunia la Nanyama na sindano mdomoni.

"Mum! Umepata kiti?"

"Sijapata. Ni mwenza."

"Woiye. Sasa mnakuja Nakuru lini?"

Nyaruai alivuta kamba, akafunga fundo la mwisho pale pale kwenye mdomo wa gunia, akalipiga kofi ili likae sawa.

"Wewe kuja nyumbani Desemba," alisema. "Na ununue gumbuti. Mwenyekiti amesema tutamsaidia kuchimba."